Nyuki Ndani ya Helmeti: Namna ya Kusimama Salama

Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, pikipiki hupita karibu mita 17 kila sekunde. Kwa kilomita 80 ni mita 22. Sasa chukua sekunde tatu tu za kujipiga kofi shingoni, macho umefumba, mkono mmoja kwenye usukani: umekwenda mita 50 na zaidi bila dereva. Nyuki mwenyewe, kwa mtu asiye na mzio, ameacha maumivu ya saa moja au mbili na uvimbe wa siku chache. Hesabu hiyo ndiyo ninayoanza nayo kila ninapomfundisha mtu kuendesha, hata kabla hajaizoea gia ya pili, kwa sababu nyuki hatasubiri mwanafunzi awe mzoefu.

Mimi napeleka vifurushi kwa pikipiki, na jioni nafundisha wanaoanza. Wengi wanaokuja kwangu wanaogopa malori. Mimi naiogopa mikono yao. Mkono wa kulia ndio unaoshika mafuta na breki ya mbele. Mdudu akichoma shingoni mwili hushtuka, na mkono huo hufanya moja kati ya mambo matatu. Huachia usukani uende kupiga, mafuta yakakatika ghafla na pikipiki ikayumba. Au hukaza kwa hofu na kuongeza mafuta bila mwenyewe kukusudia. Au vidole hukamata breki ya mbele yote kwa mara moja, gurudumu likajifunga. Kwenye lami kavu unaweza kuponea. Kwenye mchanga au lami yenye maji, uko chini.

Kwa hiyo nawaambia hivi: akiwa mdudu mmoja, tuliza pikipiki, simama, ndipo umshughulikie. Wakiwa kundi lenye hasira, usisimame, ondoka hapo. Amri hizi mbili zinapingana, na asiyezitenganisha kichwani mapema atasimama pale alipotakiwa kukimbia, au atakimbia na nyuki shingoni wakati kando ya barabara palikuwa na nafasi nzuri ya kusimama.

Ziba njia kabla hujawasha

Wadudu wengi hawakufuati. Wewe ndiye unayewagonga hewani. Koti likiwa wazi kifuani, kila kinachoruka mbele yako kina mahali pa kuingilia. Mlango mkubwa kuliko yote ni shingo. Vuta zipu hadi juu, na ndani yake zungusha kitambaa chepesi cha pamba, ncha zote zikiwa zimefichwa kotini. Ncha isipeperuke hata kidogo: kitambaa kirefu kikinaswa na mnyororo au gurudumu la nyuma, hapo umejiletea balaa kubwa kuliko nyuki yeyote. Shati la ndani lichomeke kwenye suruali, ili kitakachopenya kitembee juu ya shati, kisipate ngozi ya mgongo.

Kwenye mikono, angalia tu kusiwe na uwazi unaotazama mbele. Glavu ikipita juu ya mkono wa koti na kufungwa vizuri, inatosha. Suruali iingie ndani ya buti au ifungwe kifundoni.

Mwiba wa nyuki ni mfupi, milimita mbili hivi. Nguo nene, au nguo mbili zilizoachana kidogo, mara nyingi humshinda. Nguo moja nyembamba iliyobana ngozi haimzuii. Kuhusu rangi, wafugaji wa nyuki huvaa nyeupe kwa sababu nyuki anayelinda mzinga huvamia zaidi vitu vyeusi na vyenye manyoya. Koti la rangi ya kung'aa linakusaidia mara mbili, maana hata dereva wa gari anakuona. Manukato makali yaache nyumbani siku ya safari ndefu.

Helmeti iwe ya kufunika uso wote na yenye kioo. Najua joto linavyokera, na najua wanaoendesha huku kioo kimepanda hadi paji la uso. Mjini kwa mwendo mdogo acha upenyo wa kidole kimoja chini ya kioo upate hewa. Ukishavuka kilomita 40 kwa saa, kifunge. Hata mdudu asiyechoma, mbawakawa kwa mfano, akigonga jicho kwa kilomita 80 kwa saa anaweza kulijeruhi vibaya. Anayetumia helmeti ya uso wazi avae miwani inayoziba pembeni, wala si miwani ya jua ya kawaida, maana hiyo humruhusu mdudu aingie kutoka ubavuni kisha humbana hapo hapo kwenye kope. Matundu ya hewa ya helmeti nayo ni njia. Kama hayana wavu, bandika kipande cha wavu laini kwa ndani.

Kisha kuna mahali ambapo pikipiki inalala. Nyigu kwa kawaida hawajengi katika chombo kinachotembea kila siku, lakini pikipiki ikikaa wiki mbili chini ya kibanda wanaihesabu kuwa nyumba. Tazama chini ya kiti, nyuma ya namba, ndani ya mdomo wa ekzosi, kwenye kona za sanduku la mizigo. Nyigu wa udongo hupenda matundu membamba, na kwenye pikipiki hiyo ni mirija ya kupumulia ya tanki na ya injini. Wakiiziba kwa udongo wao, injini inaweza kuanza kukosa mafuta bila sababu unayoiona. Si jambo la kupuuzwa. Mwaka 1996 ndege ya Birgenair ilianguka baharini karibu na Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, watu wote 189 wakafa, na wachunguzi walishuku kwamba nyigu wa udongo walikuwa wameziba mrija unaopima kasi ya ndege ilipokuwa imeegeshwa kwa siku nyingi.

Helmeti usiiache imekaa mdomo juu, iwe kwenye kioo cha pembeni, kwenye kiti au chini. Iweke mdomo chini, au ingia nayo ndani. Kabla ya kuvaa, igonge mara mbili kwa kiganja na uchungulie kwenye sponji za mashavu. Glavu zikung'ute, kisha bonyeza kila kidole kuanzia nchani. Wanafunzi wangu huona ninapoteza muda. Nawaambia wahesabu: ni pungufu ya nusu dakika.

Mdudu ameingia, pikipiki inatembea

Umesikia mlio ndani ya helmeti, na humo ndani mlio wa nyuki mmoja hufunika wa injini. Kama anatambaa tu, bado hajachoma, na mara nyingi hatachoma asipobanwa. Nyuki aliyeingia kwa bahati mbaya anatafuta mwanga na njia ya kutokea. Huchoma pale anapobanwa kati ya ngozi na kitu kingine: kitambaa, sponji, kiganja chako. Ukimpiga umembana.

Fumba mdomo, pumua kwa pua. Macho yabaki mbali, kule unakokwenda; yasishuke kumtafuta mdudu kwenye kioo cha helmeti. Akiwa karibu na jicho, fumba hilo moja na lingine liendelee na kazi. Legeza viwiko, maana viwiko vilivyokakamaa hupeleka mshtuko wote wa mwili kwenye usukani. Tayari amechoma? Basi maumivu yameshafika na hayatapungua kwa kupiga kofi. Piga kelele ukitaka. Kelele haiyumbishi pikipiki, na nimeona inasaidia sana: mtu anayepiga kelele anapumua, na anayepumua hakazi mikono.

Punguza mafuta kidogo kidogo. Tazama kioo cha nyuma, washa taa ya ishara. Dereva aliye nyuma yako hajui una nyuki. Anachoona ni pikipiki inayopunguza mwendo bila sababu. Shika breki zote mbili, ukiongeza nguvu taratibu, huku ukishuka gia. Wakati huo huo chagua mahali. Si kwenye kona, si juu ya daraja, si kwenye mchanga uliolegea kando ya lami. Afadhali uende mita mia mbili zaidi na nyuki wako ufike penye ardhi ngumu na pa wazi kuliko kusimama papo hapo penye hatari.

Kuna wanaouliza kwa nini wasinyanyue kioo wakiwa mwendoni ili upepo umtoe. Kwa kasi upepo haumtoi. Unamsukuma ndani zaidi, sikioni na kwenye nywele. Subiri mwendo ushuke hadi ule wa mtu anayekimbia. Hapo mkono wa kushoto, si wa kulia, unyanyue kioo mara moja na kurudi kwenye klachi. Mara nyingi nyuki atatoka mwenyewe, maana mwanga uko mbele yake.

Ukishasimama, weka gia huru, teremsha standi, zima injini. Mambo haya matatu yanamalizika kwa sekunde chache na ndiyo yanayorukwa na watu. Anayeruka kutoka kwenye pikipiki iliyo kwenye gia, bila standi, ataangukiwa nayo mguuni, na ekzosi ya moto itamwachia jeraha baya kuliko la mwiba. Kisha shuka kwa upande ulio mbali na magari na usogee hatua kadhaa nje ya barabara kabla ya kuvua chochote. Nimewahi kumwona mwendeshaji aliyesimama vizuri kabisa, breki safi, ishara imewashwa, halafu akaanza kucheza katikati ya njia akivua koti huku kaupa mgongo msururu wa magari. Lori lilimkosa kwa upana wa mlango. Hakuliona wala hakulisikia. Akili yote ilikuwa kwapani.

Fungua mkanda wa kidevuni, inamisha kichwa, vua helmeti, kisha ikung'ute mdomo chini. Kama mdudu yuko kotini, fungua zipu yote kwa mkupuo, shika koti kwa mikono miwili kifuani, livute mbali na mwili, chomoa shati na uinamie mbele ili nguo iachane na ngozi. Usijipigepige. Nyuki anayepondwa hutoa harufu ya kuwaita wenzake. Kemikali yake kuu ni isoamili asetati na harufu yake inafanana na ya ndizi mbivu. Mahali penye mzinga karibu, harufu hiyo kwenye kola yako itawaonyesha wengine pa kuchoma.

Nyigu na mavu wanahitaji haraka zaidi. Nyuki mfanyakazi ana mwiba wenye meno yaliyoelekea nyuma. Ukishaingia kwenye ngozi yako hauchomoki, unang'oka mwilini mwake na kubaki hapo, naye hufa. Nyigu na mavu mwiba wao ni laini. Huchoma, huchomoa, huchoma tena, na mmoja aliyenaswa ndani ya shati anaweza kukuchoma mara nyingi. Hata hivyo utaratibu ni ule ule, simama kwanza. Tofauti ni kwamba mahali pa kusimama hupachagui sana.

Haya yote hayafanyiki kwa kusoma. Tafuta uwanja mtupu ufanye mazoezi. Mimi humwekea mwanafunzi kipande cha uzi wa sufu unaowasha ndani ya kola, kisha anaendesha mizunguko, nami wakati asioutarajia napiga ukelele: "Nyuki!" Kazi yake ni kusimama kwa mstari ulionyooka, ishara ikiwaka, standi chini, bila mkono wa kulia kuacha mahali pake hadi gurudumu litulie. Mara za kwanza mkono unaruka kwa karibu kila mtu. Baadaye unatulia. Zoezi la pili ni kufungua mkanda wa helmeti ukiwa na glavu, macho umefumba. Ikiwa mkanda wako haufunguki hivyo, badilisha glavu au badilisha kifungio, maana siku ya mdudu vidole vitakuwa vinatetemeka.

Abiria naye aambiwe kabla ya safari. Wanaobeba watu kila siku husahau kwamba aliye nyuma anaweza kuangusha pikipiki bila kugusa usukani: akirusha mwili upande mmoja, akivuta koti la dereva, akimpiga dereva mgongoni kwa nia njema ya kuua nyuki. Mimi husema maneno machache tu: "Ukiumwa, gonga bega langu mara tatu, shikilia, nitasimama. Ukimwona mdudu juu yangu, mwache." Mtoto mwambie mara mbili, na umwambie arudie kwa mdomo wake.

Wakiwa bumba zima

Si kila bumba ni vita. Kuna nyuki wanaohama kutafuta makao mapya. Wamejaza matumbo asali, hawana mzinga wa kulinda, na kwa kawaida hawana haja na mtu. Utawaona kama kiwingu cheusi kinachozunguka na kusogea, au wametua kwenye tawi wakaning'inia. Hatari yao kwako ni kuwagonga: ukiingia kwenye kiwingu hicho kwa kasi, kioo cha helmeti kinafunikwa na nyuki waliopondwa, huoni mbele, na waliobaki hai wanajikuta ndani ya nguo zako. Ukiwaona mbali, simama mbali, zima injini, funga kioo na zipu, wasubiri wapite. Ukiwa umeshaingia kati yao, usifunge breki. Shusha gia, inamisha kidevu kifuani, vuka kwa mwendo wa wastani usiobadilika, na usimame kujikagua ukishawaacha nyuma.

Vita ni nyuki waliochokozwa kwenye mzinga wao. Mti umekatwa, jiwe limerushwa, mashine inanguruma karibu. Dalili huzioni angani, unazisoma kwa watu na wanyama: mtu anakimbia kajifunika shati kichwani, mifugo imekata kamba, mwenzako anayekuja kutoka mbele anakupungia mkono wa kurudi. Amini ishara hizo hata kama huoni mdudu. Geuka, uchukue njia nyingine.

Wakikufikia, ondoka. Nyuki huruka kwa kasi ya kilomita 24 hivi kwa saa, na wanaolinda mzinga wanaweza kukufuata mita mia kadhaa. Pikipiki kwa kilomita 40 kwa saa inawaacha. Huna haja ya kwenda 100. Unahitaji kwenda mbele bila kuanguka. Nenda kilomita moja nzima kabla ya kusimama. Wale walioshika nguo watakuwa wameondoka nawe, na hao ndio utakaowatoa kwa utaratibu nilioueleza.

Na pikipiki ikizimika au ikianguka? Iache. Hata kama ni mpya, hata kama ina mzigo wa mteja. Kimbia moja kwa moja, usizunguke, ingia ndani ya nyumba au gari na ufunge. Helmeti ibaki kichwani na kioo kimefungwa, hata kama kuna mmoja au wawili ndani, kwa sababu nyuki wenye hasira hulenga kichwa, macho na mdomo unaotoa pumzi. Usijitose majini, wanaweza kuzunguka juu wakikusubiri utoe kichwa. Usijifiche kichakani. Pikipiki utairudia baada ya giza kuingia na nyuki kutulia, ukiwa na mtu anayewajua. Kama kuna mwingine amebaki kati yao, kumfuata bila mavazi kunaongeza majeruhi; mpigie kelele akimbilie ulipo na uite zimamoto au mfugaji wa nyuki.

Baada ya kuchomwa

Mwiba ulioachwa na nyuki una kifuko cha sumu kinachoendelea kusukuma chenyewe, na sehemu kubwa ya sumu huingia ndani ya dakika ya kwanza. Kwa hiyo utoe upesi. Wengi wamefundishwa kwamba ni lazima kukwangua, kwamba kubana kwa vidole kunakamua sumu, wanaishia kutafuta kadi au kisu mifukoni huku sekunde zinapita. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 katika jarida la Lancet ulilinganisha njia hizo mbili ukaona kwamba njia haikuleta tofauti; kilicholeta tofauti ni kuchelewa. Tumia ukucha. Glavu ikikuzuia, ivue.

Vua pete na saa mara moja kama umechomwa mkononi, kabla vidole havijavimba. Osha kwa maji na sabuni, weka kitu cha baridi juu ya kitambaa. Petroli na mafuta ya taa usipake. Najua petroli iko karibu, kwenye tanki mbele yako kabisa, lakini yote mawili huunguza ngozi na hayatoi sumu.

Halafu kaa. Kwangu hili halina mjadala: nusu saa kando ya pikipiki kabla ya kuwasha tena. Mzio mkali kwa kawaida hujitokeza ndani ya dakika chache hadi nusu saa, na hutaki ukukute kwenye kilomita 80. Katika muda huo jikague. Mabaka yanayowasha mbali na ulipochomwa, midomo au ulimi kuvimba, sauti kukwaruza, kifua kubana, kizunguzungu, kutapika, mapigo ya moyo kwenda mbio: hata moja tu la ulimi, koo au pumzi, au mawili yoyote ya haya yakija pamoja, hiyo ni dharura. Dawa yake ni adrenalini, inayochomwa kwenye msuli wa nje wa paja, na inaweza kupita juu ya suruali ikiwa ni ile sindano maalumu ya kujidunga. Vidonge vya mzio havichukui nafasi yake. Piga simu ya dharura. Mlaze mgonjwa miguu ikiwa juu. Kama anapumua kwa shida, aketi. Asisimame wala asitembezwe, na kamwe asijiendeshe kwenda hospitali. Hata akipata nafuu apelekwe, kwa sababu dalili zinaweza kurudi saa kadhaa baadaye.

Mpwa wangu ana mzio wa sumu ya nyuki na anaendesha kila siku. Sindano zake mbili anazibeba katika kifuko kinachokinga joto ndani ya koti. Haziweki kwenye sanduku la nyuma wala chini ya kiti, kwa sababu jua na injini hupandisha joto humo na adrenalini huharibika. Hutazama kidirisha cha sindano kila mara. Dawa ikigeuka rangi anaibadilisha. Ndani ya helmeti na kwenye simu yake kuna maandishi yanayosema ana mzio gani na sindano iko mfuko gani, na kila anayesafiri naye ameonyeshwa jinsi ya kuitumia. Daktari amemweka pia kwenye tiba ya kuuzoesha mwili, dozi ndogo ndogo za sumu zinazoongezwa, ambayo huchukua miaka mitatu hadi mitano na kwa sumu ya nyuki na nyigu inafanya kazi vizuri sana. Kama umewahi kuvimba mwili mzima kwa mdudu mmoja, kamwone daktari kabla ya mdudu wa pili.

Hata bila mzio kuna sehemu ambazo si za kusubiri. Aliyechomwa ndani ya mdomo au kooni aende hospitali upesi akinyonya barafu kama ipo, maana uvimbe wenyewe unaweza kuziba njia ya hewa. Aliyechomwa kwenye jicho aende kwa daktari wa macho bila kulisugua na bila kujaribu kutoa mwiba. Waliochomwa mara nyingi, hasa hamsini na zaidi kwa mtu mzima na pungufu sana kwa mtoto, waende hata kama wanajisikia wazima: sumu nyingi huvunja misuli na kuumiza figo polepole, na dalili kama mkojo wa rangi ya kahawia huja baada ya saa au siku.

Ukiwa sawa na unataka kuendelea na safari, jaribu mkono. Kaza klachi na breki ya mbele mara kumi. Kidole kilichovimba kikichelewa, pikipiki inalala hapo, wewe unapanda kitu kingine. Jicho moja likiziba, vivyo hivyo. Kukadiria umbali wa gari linalokuja kunakuwa kubahatisha. Soma pia karatasi ya kidonge ulichomeza, kwa sababu dawa za zamani za mzio, klorofeniramini mojawapo, huleta usingizi unaokuja bila kubisha hodi.

Uvimbe wa kawaida huongezeka siku ya pili, na unaweza kuchukua wiki kuisha. Hiyo peke yake si dalili ya hatari. Ukiwa unaenea pamoja na homa siku kadhaa baadaye, onyesha daktari.

Ukifika nyumbani toa sponji za helmeti, zioshe kwa sabuni pamoja na kitambaa cha shingoni na glavu, hasa kama kuna mdudu aliyepondwa. Pindua koti ndani nje, ulikung'ute nje ya nyumba, ukague mishono ya kwapa na mifuko. Kisha tazama ni wapi alipopenyea, na uzibe hapo kabla ya safari ya kesho.